Ushanga kwenye pafu: Lozan anavyopigania chumba cha eksirei cha Gorni Brest

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Lozan Vitanov anafunga mlango wa chumba cha eksirei, anasimama nyuma ya ukuta uliotiwa madini ya risasi na kumpiga picha mtu ambaye hayupo.

Anabonyeza kitufe. Mashine inavuma, inagonga mara moja, inanyamaza. Meza ni tupu, na pale wanaposimama wagonjwa hakuna mtu. Lozan anatazama saa ya ukutani, anasubiri dakika nzima, anaongeza umeme kidogo, anabonyeza tena.

Picha ya kwanza ni ya volti elfu hamsini. Ya pili elfu sitini. Anapanda hivyo hivyo, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba ya kuazima, mpaka volti laki moja. Sevda Angelova, muuguzi wa zamu, anachungulia mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi. Humwita Bai, yaani kaka mkubwa.

"Bai Lozan, leo umewapiga picha mashetani wangapi?"

"Sita. Wote mapafu yao mazuri kuliko yako. Acha sigara."

Sevda anacheka, anakwenda zake. Utani huo una miaka kumi na moja na bado haujawachosha.

Lozan ana umri wa miaka hamsini na sita na amefanya kazi hiyo miaka thelathini na mbili, kumi na tisa kati ya hiyo na mashine hii hii. Hospitali ya Gorni Brest ndiyo pekee upande huu wa mto. Anayekosa eksirei hapa anakwenda mji wa Vratsa, kilomita sabini na moja, kwa basi linaloondoka mara mbili kwa siku na siku za theluji haliondoki kabisa.

Anachokifanya asubuhi si wazimu. Anaipasha moto tyubu.

Tyubu ndiyo moyo wa mashine. Ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa yote, ikafichwa ndani ya mafuta na ganda la risasi. Upande mmoja wa chupa kuna waya mwembamba kama wa balbu. Upande wa pili kuna sahani ya tangsteni, chuma kigumu kuyeyuka kuliko vyuma vyote, na sahani hiyo inazunguka mara elfu tatu kwa dakika. Mvumo unaosikika kabla ya picha ni wa sahani hiyo.

Waya ukipata umeme unawaka, na elektroni zinaruka kutoka juu yake kama mvuke juu ya sufuria. Hapo ndipo volti zinapofanya kazi. Zinazivuta elektroni kupita chupa, kwa kasi ambayo Lozan anasema hana la kuifananisha nayo, mpaka zinajibamiza kwenye sahani.

"Gari likifunga breki ghafla, tairi zinanuka moshi," anasema. "Ile mbio haipotei, inageuka joto. Elektroni nayo ikifunga breki ndani ya chuma, mbio yake lazima iende mahali. Karibu yote inakuwa joto. Sehemu moja katika mia inatoka ikiwa eksirei. Moja. Sisi hapa tunaendesha jiko, bwana, jiko ambalo kwa bahati linatoa mwanga kidogo."

Kuna elektroni nyingine, anaongeza, zinazogonga na kuing'oa elektroni ya ndani kabisa ya tangsteni, na ya juu yake ikishuka kuziba pengo inatoa mwali wake yenyewe. Lakini kazi kubwa ni ya breki.

Joto hilo ndilo adui. Sahani iliyolala baridi usiku kucha, ukiipiga kwa nguvu zote asubuhi, inapasuka kama sufuria ya chuma iliyotolewa kwenye theluji na kumwagiwa mafuta yanayochemka. Tyubu mpya ni leva elfu arobaini na sita. Mshahara wa Lozan ni leva elfu moja mia tano na themanini kwa mwezi. Hospitali haina fedha hiyo, na mkoa umesema hautaitoa kwa chumba ambacho huenda kikafungwa.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Chumba cha Lozan kina siku tano za kuishi au kufa.

Wakaguzi wa mkoa wamewapa sharti moja. Ndani ya mwezi huu wa Machi, picha zilizoharibika zikarudiwa zisifike tano katika kila mia. Zikifika, mlango unafungwa, mashine inakwenda kwenye vyuma chakavu, na watu watapanda basi la Vratsa. Zikipungua, tyubu mpya inakuja.

Leo ni tarehe ishirini na sita. Lozan ameandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi juu ya dawati: picha mia mbili na sitini na moja, kumi na tatu zimerudiwa. Kwa kasi wanayokwenda watafika picha mia tatu na ishirini. Maana yake ana nafasi ya kuharibu mbili tu.

Na aliyewaita wakaguzi hao ni yeye mwenyewe.

Machi ya mwaka jana alikuja Varban Iliev, mfugaji nyuki wa kijiji cha Dolna Luka, mwanaume wa miaka arobaini na minane mwenye kifua kipana na kikohozi kisichokwisha. Chumba kilikuwa cha baridi, boila ilikuwa imekufa. Lozan akamwonea huruma, akamwambia avue sweta na shati abaki na fulana ya ndani. Akampiga. Picha ikatoka safi, isipokuwa doa moja jeupe, duara, ukubwa wa dengu, juu ya pafu la kulia.

Daktari anayesoma picha alifanya alichopaswa kufanya. Aliandika: uvimbe, achunguzwe haraka.

Varban aliuza mizinga kumi na minne kati ya arobaini aliyokuwa nayo ili apate nauli, kitanda na vipimo vya mjini. Mkewe alianza kuvaa nyeusi ndani ya nyumba, akisema ni kwa sababu haichafuki upesi. Mwenyewe alimwonyesha mtoto wa dada yake namna ya kufunga malkia kwenye mzinga mpya, kazi ambayo hajawahi kumwachia mtu. Kwa siku kumi na sita mtu huyo aliishi kama marehemu anayetembea.

Tarehe ishirini na tano, siku tatu kabla ya safari, aliona korongo wa kwanza akitua kwenye nguzo ya umeme. Akafanya ambacho kila mtu wa hapa anafanya amwonapo korongo. Aliingiza mkono kifuani aifungue martenitsa yake, hirizi ya afya ya mwezi Machi, uzi mwekundu na mweupe ambao mama yake alikuwa ameushonea kwenye fulana tarehe mosi, upande wa ndani, ili aitundike kwenye mplamu.

Vidole vyake vikagusa kitu kigumu kati ya nyuzi. Ushanga wa kioo, wa buluu, wa kuzuia jicho baya. Ukubwa wa dengu. Kulia, juu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walidhani wanasema mafumbo.

"Nilikaa chini kwenye matope," anasimulia Varban. "Sikufurahi hata kidogo, watu hawaniamini nikisema hivyo. Nilitaka kumuua huyu bwana."

Alikwenda hospitali akiwa na matope hayo hayo, akauweka ushanga juu ya dawati la Lozan bila salamu. Lozan hakuhitaji kuambiwa. Alimpiga picha upya bila fulana, na pafu likatoka jeusi safi, halina doa. Kisha akaiweka martenitsa peke yake juu ya bamba la picha na kuipiga hiyo nayo.

Picha hiyo ipo mlangoni mpaka leo. Uzi hauonekani kabisa. Sufu ni nyepesi, mionzi inaipita kama upepo unavyopita wavu. Ushanga ni kioo kizito, umeizuia. Kilichobaki ni kidoa cheupe kinachoelea katikati ya weusi, hakijashikwa na kitu.

"Eksirei ni kivuli," anasema Lozan. "Kivuli hakikwambii kitu kiko mbele ya pafu, nyuma yake au ndani. Ningempiga picha ya pili kwa ubavu tungeona kiko nje ya mwili. Sikumpiga. Na mimi siku ile nilikuwa na martenitsa mkononi, hapa. Nilikuwa naitazama nikibonyeza. Nimezaliwa nazo hizi, mwezi mzima kila mtu anayo. Ukikizoea kitu hukioni tena."

Angeweza kunyamaza. Varban alitaka kulipiza kwa ngumi, si kwa barua. Mkurugenzi wa hospitali alimshauri Lozan aache yaliyopita yapite. Lozan akaandika taarifa ya kurasa mbili kwa wakaguzi, akaweka picha zote tatu, akasaini.

Walikuja, wakafungua madaftari ya miaka mitano. Wakakuta jambo ambalo hakuna aliyewahi kulihesabu: miezi mingine hospitali inarudia picha tatu, nne katika mia. Machi inarudia kumi na moja. Shanga, sarafu, pini na vikengele, vyote vimefichwa chini ya nguo za ndani za wilaya nzima. Kila picha inayorudiwa ni mionzi ya bure kwa mgonjwa na joto la bure kwa tyubu iliyozeeka. Ndipo wakatoa sharti: Machi ijayo tutahesabu.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini wasiwaambie watu wavue. Waliwaambia. Bango kubwa liliwekwa: ONDOA VYUMA VYOTE. Watu waliondoa saa, mikanda, misalaba, meno ya bandia. Martenitsa nani anaihesabu kuwa chuma? Na ukimtajia kwa jina, anaificha. Kuivua kabla ya kuona korongo au mti uliochanua ni kuita maradhi, na mtu aliyekuja hospitali hatafuti maradhi ya nyongeza.

Lozan alilifikiria jambo hilo majira yote ya baridi. Akaamua kuacha kushindana na mila, airidhishe.

Katikati ya Februari alikata matawi ya mplamu, akayatia kwenye mitungi ya maji na kuyasimamisha nyuma ya kabati la umeme la mashine, mahali pa joto kuliko pote hospitalini. Tarehe mosi Machi, nje kukiwa na theluji ya kifundo cha mguu, koridoni mbele ya chumba cha eksirei kulikuwa na tawi lililochanua maua meupe.

Ikawa kazi rahisi. Mgonjwa anakuja, anaona maua, anasimama, anatabasamu bila kupenda. Mti umechanua. Anaingiza mkono kifuani mwenyewe, anaifungua, anaitundika. Sasa hivi tawi limejaa nyuzi nyekundu na nyeupe mpaka limeinama.

Matawi ya kwanza yalikauka baada ya wiki. Aliyeleta mengine, na anayeendelea kuyaleta kila Jumatatu nyuma ya gari lake, ni Varban Iliev.

"Sijamsamehe," anasema Varban, na uso wake hauna utani. "Mizinga kumi na minne si mchezo. Lakini mama yangu ana miaka sabini na tisa na kifua kibovu. Chumba hiki kikifungwa nitampeleka Vratsa mgongoni? Namletea matawi. Kumsamehe tutaona."

Lozan anasikia yote hayo akiwa hatua mbili tu, akifuta bamba la picha kwa kitambaa.

Saa nne kasoro robo Sevda anamleta Bibi Tsona Petkova kwenye kiti cha magurudumu. Ana miaka themanini na moja, amekohoa siku kumi na mbili, usiku wa kuamkia leo homa imefika thelathini na tisa. Daktari anataka kujua kama ni pafu, na ni pafu lipi, kabla ya kumwanzishia dawa ya sindano, kwa sababu figo zake hazivumilii kubahatisha.

Sevda anamsimamisha mbele ya tawi. Bibi anatazama maua. Anatazama mtungi. Anamtazama Lozan kuanzia kwenye viatu.

"Hii ni nini?"

"Mplamu, bibi. Umechanua."

"Hili ni kuni kwenye maji. Mti una mizizi, mwanangu. Mama yako hakukufundisha?"

Sevda anageuka ukutani akiuma mdomo. Lozan anajaribu kusema tawi limetoka kwenye mti halisi, Dolna Luka. Bibi anamjibu kwamba basi na maua yake angeyaacha Dolna Luka. Korongo mwaka huu wamechelewa, yeye hajaona hata mmoja, na kile kilicho kifuani pake hakitoki. Kina sarafu ya fedha ya bibi yake. Kimewazika waume wawili na yeye bado yupo.

Sevda anamnong'oneza Lozan ampige hivyo hivyo, sarafu ikae inapokaa, daktari ataelewa. Lozan anakataa. Sarafu imeshonwa chini kushoto, juu kabisa ya mahali daktari aliposikia pafu likikoroma kwa kipimo cha masikioni. Itaficha kile kile wanachokitafuta, nao watarudia.

Anavuta kigoda, anakaa mbele ya bibi, magoti kwa magoti. Anawasha taa ya mezani, anaielekeza ukutani, anazima ile ya juu.

Anamwomba mkono. Bibi anampa. Kivuli cha mkono kinatokea ukutani, vidole vitano vilivyopinda. Lozan anamwambia tyubu ni kama taa hiyo. Mwanga wake unatoka kwenye kidoa kimoja kidogo, unakwenda moja kwa moja, haupindi kona. Tofauti ni kwamba nyama inaupitisha, mfupa unauzuia kiasi, fedha inauzuia kabisa. Anatoa kopo dogo la kahawa, analiweka kati ya taa na mkono. Kivuli cha mkono kinamezwa. Analisogeza pembeni kidogo, mkono unarudi.

Bibi Tsona anakohoa, anapumua, anautazama ukuta.

"Halafu huo mwanga ukishaniingia unabaki?"

"Haubaki. Nikizima, umekwisha. Kama taa hii. Ukiizima, mwanga unaufagia wapi?"

Anaizima. Anaiwasha. Bibi anafikiri, na hakuna anayemharakisha, ingawa nje wamekaa watu saba.

"Kwa hiyo shida yako si kwamba ninayo," anasema hatimaye. "Shida yako ni mahali ilipo."

"Ndiyo hivyo hivyo, bibi."

"Si ungesema toka mwanzo. Unaniletea kuni kwenye maji. Naihamisha, siivui. Na wewe usiiguse."

Sevda anakata nyuzi za mshono kwa mkasi wa bandeji. Bibi ameishika sarafu kwa vidole viwili, hauachii uzi hata nukta. Anaupandisha juu ya mbavu, juu ya mtulinga, shingoni, nyuma ya sikio, mpaka ndani ya kitambaa cha kichwa, na muda wote huo umegusa ngozi yake. Anaufunga kwenye msuko wake mweupe. Imechukua dakika sita.

Sasa inabaki picha, na picha ina shida yake.

Bibi Tsona hawezi kushika pumzi. Anaivuta, inafika katikati, kikohozi kinamtikisa mwili mzima. Kwa vipimo vya kawaida mashine inahitaji sehemu ya kumi ya sekunde, na katika muda huo kifua kinachokohoa kitatoka kama picha ya farasi anayekimbia. Itakuwa imeharibika.

Kuna njia, na Lozan anaijua. Volti zikipanda, mionzi inakuwa mikali zaidi, inapenya zaidi, kwa hiyo inahitajika michache. Mkondo ukiongezwa, elektroni nyingi zaidi zinaruka kwa mara moja. Ukifanya yote mawili, unaweza kukata muda mpaka sehemu ya hamsini ya sekunde, upesi kuliko kikohozi. Lakini pigo lote linaangukia kwenye sahani kwa mkupuo mmoja. Tyubu yenye miaka kumi na tisa inaweza kulikubali. Inaweza pia kuwa pigo lake la mwisho, na hapo hakuna haja ya wakaguzi.

Sevda anamtazama. Anajua.

"Imepata moto?" anauliza.

"Tangu alfajiri. Mashetani sita."

Anaweka volti elfu mia na kumi. Anapandisha mkondo mpaka alama ambayo hajaigusa tangu mwaka juzi. Anamwambia bibi asishike pumzi, apumue anavyopenda, akohoe akitaka. Anakwenda nyuma ya ukuta wa risasi. Kupitia kidirisha cha kioo kizito anatazama mabega yake yakipanda na kushuka, kidole kimeshikilia kitufe nusu. Sahani inaanza kuvuma. Ndani ya mvumo kuna mkwaruzo mdogo ambao mtu mwingine asingeusikia.

Mabega yanapanda. Yanasimama kidogo juu, kama jiwe lililorushwa kabla halijaanza kuanguka. Anabonyeza.

Mlio ni mmoja, mkavu. Kisha mvumo unashuka taratibu, bila kukatika, mpaka kimya.

Picha inajitokeza kwenye kompyuta. Mbavu ni kali kama meno ya kitana. Moyo una ukingo wake. Chini kushoto, mahali pale sarafu ilipokuwa, kuna wingu jeupe lenye ukubwa wa kiganja. Daktari anaitwa, anainama, anasema nimonia, upande mmoja, ameiona, inatosha.

"Nitakufa?" anauliza Bibi Tsona kutoka kwenye kiti.

"Siyo kwa hii," daktari anamjibu. "Unaanza sindano sasa hivi."

Bibi anaelekeza kidole kwenye kitambaa chake, kama mtu aliyeshinda ubishi ambao wengine hawakujua unaendelea. Akisukumwa kutoka anapita tena mbele ya tawi, analitazama kwa dharau, na kumtupia Lozan neno la mwisho.

"Panda mti, mwanangu. Mti mzima. Uache kudanganya wazee."

Lozan anachukua kalamu nyekundu, anaandika mia mbili na sitini na mbili. Kumi na tatu inabaki kumi na tatu. Anaikalisha tyubu dakika kumi ipoe kabla ya kumwita anayefuata, mwanaume mwenye kiwiko kilichovunjika ambaye amekwishatundika martenitsa yake na sasa anauliza kama atapata banitsa, andazi la jibini, ya kusubiria.

Saa nane mchana, Lozan anapumzika kwa kawaida ya kila siku: mkate, jibini jeupe, pilipili ya kuchoma, kahawa. Leo hayupo kwenye kiti chake. Yupo nyuma ya jengo, chini ya dirisha la koridoni, na sepeto. Ardhi juu imelainika, chini bado ni ngumu. Anachimba kwa hasira, sketi ya aproni ya risasi aliyosahau kuivua inamgonga magotini.

Alimpigia Varban simu mara bibi alipoondoka. Varban alimuuliza kama amelewa, kisha akasema ana mche mmoja, aliuotesha mwenyewe, atauleta.

Ameuleta. Ni fimbo tu yenye mizizi iliyofungwa kwenye gunia lenye unyevu, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Anausimamisha ukutani na kumtazama Lozan akichimba.

"Unajua huu utachanua lini?"

"Lini?"

"Miaka minne. Mitano, kama theluji itaupiga. Na wewe una siku tano."

Lozan anaendelea kuchimba. Sharti la wakaguzi linaisha Jumapili usiku. Anasema tyubu mpya ikija ataifundisha Sevda kuipasha moto, hatua kwa hatua, ili siku akistaafu asije mtu mwenye haraka akaipasua asubuhi ya kwanza. Anasema pia anataka kila mgonjwa wa Machi, akiwa kwenye foleni, atazame dirishani aone mti wenye mizizi, na asiwe na la kubisha.

Varban anamwuliza itakuwaje wakifunga.

"Hawafungi," anasema Lozan. "Nimebakiwa na mbili, na sina mpango wa kuzitumia. Shika hapo, wima. Usiulaze."

Varban anapiga goti kwenye matope, anaushika mche kwa mikono miwili. Lozan anafukia. Wakimaliza anaukanyagia udongo kwa kisigino, anakung'uta mikono, na martenitsa yake mwenyewe inaonekana kwenye kifundo, imechakaa, haina ushanga. Varban anaiona, anamwuliza kwa nini hajaivua wakati anashinda na maua mwezi mzima.

"Yale ni kuni kwenye maji," anasema Lozan, na kurudi ndani. Kuna watu wanne wanamsubiri.